Asili ya Nyumba ya Uzazi ya Pumwani



Mtu apitaye Pumwani huiona hospitali kubwa ya wazazi, wala huenda asijue ilivyoanza. Nimeombwa niwaeleze.

Sir Edward Grigg alikuwa Gavana wa Kenya tangu mwaka 1925 hata 1930, naye alikaa na mkewe katika Nyumba ya Gavana, kilimani, magharibi ya mji. Siku zile mwanamke aliyemfuata mumewe Nairobi mara nyingi hakuwa na mama, wala mkwe, wala mkunga wa kwao wa kumshika mkono. Uchungu ukimjia usiku, alikuwa peke yake. Kwa ajili hiyo Lady Grigg alianzisha chama cha hisani cha kuwatunza wazazi na watoto wachanga. Mwaka 1926 ikaanzishwa nyumba ya uzazi kwa Waafrika, ikaitwa kwa jina lake. Baadaye Halmashauri ya Mji ikaichukua.

Mwezi wa Juni 2013 Serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Lakini gari la usiku kutoka Kangemi au Kawangware lataka nauli, na watoto waliobaki nyumbani wataka mtu wa kuwalisha. Kazi hiyo ni ya jirani.

Basi, ukiwa na jirani mja mzito asiye na ndugu karibu, mwulize mapema: “Nani atakwenda nawe?” Akikosa jibu, jitoe wewe.