Usukani Umesemwa, Mlango Je?

Tangazo la kuyaondoa barabarani magari ya usukani wa kulia umelisikia, na limekwisha kujadiliwa kwenye kila kibanda cha chai hapa Juba, kuanzia Custom mpaka soko la Jebel. Madereva wamekasirika, wenye magari wana hofu, wakubwa wanasema sheria ni sheria. Kituo hiki cha redio kina swali moja. Mlango je?

Simama Jebel, barabara ya Yei, saa kumi na moja jioni. Matatu inasimama ukingo wa kulia, kama sheria inavyotaka. Mlango wake uko kushoto. Unafunguka katikati ya barabara. Mama anashuka, mtoto mgongoni, mfuko wa unga mkononi, na hatua yake ya kwanza inatua palepale bodaboda zinapopita. Kisha lazima alizunguke gari zima ndipo afike pembeni, huku konda akimhimiza, "Haraka mama, haraka!" Akigongwa, tutasema hakutazama. Akinusurika, atatukanwa kuwa ni kipofu. Mlango hautajwi.

Gari lenyewe si bovu. Lilitengenezwa Japani, wanakoendesha kushoto, na huko mlango uleule humshusha abiria pembeni, salama. Kampala hivyo hivyo, Nairobi hivyo hivyo. Likishavuka mpaka wa Nimule linahamia kulia, kwa sababu Sudan ilibadili upande mwaka 1973, nasi Sudan Kusini tukaurithi utaratibu huo tulipopata uhuru mwaka 2011. Dereva anahama, gari linahama, mlango unabaki ulipokuwa. Unafunguka katikati ya barabara.

Na taa nazo. Zimepangwa zimulike zaidi upande wa kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ndiyo maana usiku, njia ya Gudele, unaumizwa macho hata na dereva mstaarabu aliyeshusha taa. Dereva huyo huyo akitaka kulipita lori hamwoni anayekuja, mpaka amuulize abiria wa mbele, "Kuko wazi?" Mtu amelipa nauli yake, na bado anafanywa macho ya dereva.

Sasa wanataka kumaliza yote haya kwa tangazo. Rwanda, ambao pia huendesha kulia, walizuia kuingiza magari haya mwaka 2005, na baada ya miaka kadhaa ikabidi wayalegezee malori, kwa sababu uchumi wa jirani hauzuiliki kwa karatasi. Sisi mizigo yetu inatoka Mombasa, magari yetu yanapita Uganda. Yakiondolewa kesho asubuhi, nani atawabeba watu wa Jebel kwenda Konyokonyo? Watatembea. Na yule dereva aliyekopa ili anunue Hiace kuukuu ndiye atakayelipa faini. Mlango hakuuweka yeye.

Kinachotuuma katika kituo hiki, na tumekisema mara nyingi, ni kwamba wanaopanga barabara hawapandi matatu. Mmoja wao angepanda mara moja tu, akashukia Jebel wakati wa mvua, matope huku na bodaboda kule, angejua kwamba abiria wetu anahitaji pa kukanyaga upande wa kushoto wa gari. Hilo halingoji usukani uhame. Pale sokoni ichongwe njia ya matatu kuingilia, nje ya lami, na kushoto kwake uinuliwe ukingo wa zege wa watu kushukia. Gari lilelile, mlango uleule, na mama anashukia mahali pa watu. Mawe yanapondwa hapo hapo chini ya Jebel Kujur, kwa mikono ya akina mama. Hatuna uhaba wa kokoto!

Kwa hiyo wakubwa wetu, anzeni na mlango. Anzeni Jebel, anzeni wiki hii, kabla hamjamwandikia dereva yeyote faini ya usukani. Madereva, tokeni kwenye lami kabisa. Msimshushe mtu gari likiwa nusu ndani, nusu nje. Makonda, shukeni ninyi kwanza, inueni mkono, simamisheni bodaboda, ndipo mama ashuke. Nanyi abiria, acheni kunyamaza! Dereva akisimama katikati ya njia, usishuke. Kaa. Gonga bati. Gonga tena mpaka asogee.