Mazungumzo Baada ya Habari: Chanjo si ya Mtoto Mchanga Peke Yake

Tarehe 17 Februari 2022 Serikali ya Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa miaka mitatu, mkazi wa Lilongwe, alikuwa amepooza kwa ugonjwa wa polio. Tangazo hilo liliwashtua wengi, na lilistahili kuwashtua. Malawi ilikuwa haijapata mgonjwa wa virusi vya asili vya polio tangu mwaka 1992. Isitoshe, mwezi Agosti 2020 bara zima la Afrika lilikuwa limethibitishwa kuwa halina tena virusi hivyo. Wataalamu walipovichunguza vile vilivyompata mtoto huyo, waliona kuwa ni vya ukoo mmoja na vilivyokuwa vikienea katika jimbo la Sindh, nchini Pakistan.

Funzo la kwanza la tukio hilo ni kwamba maradhi hayaulizi mpaka uko wapi. Baada ya muda mfupi virusi hivyo hivyo viliwapoozesha watoto nchini Msumbiji. Ikabidi Malawi, Msumbiji, Tanzania, Zambia na majirani wengine wafanye kampeni ya pamoja ya kuwapa matone mamilioni ya watoto, tena si mara moja. Mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha mwezi Mei 2024, yaani baada ya miaka miwili na zaidi ya kazi.

Kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, yapo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mahali hapo zamani palikuwa gereza, na mwaka 1994 pakafunguliwa kuwapokea watu waliokimbia vita. Palitengwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi hapo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila upande. Msongamano wa namna hiyo ndio unaoyapa maradhi ya kuambukiza nafasi. Tena Dzaleka si kisiwa. Wanavijiji wa jirani hutibiwa katika kituo kile kile cha afya, na watu na bidhaa huenda na kurudi. Mwaka 2023, Serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, familia nyingi zilihama kwa ghafla. Familia inayohama hivyo huweza kupoteza kadi ya kliniki, na mtoto akakosa dozi ambayo hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo kumchanja mtoto wa Dzaleka si hisani kwa mgeni. Ni kumlinda na mtoto wa Lilongwe.

Funzo la pili husahauliwa zaidi. Wazazi wengi hudhani kwamba kazi ya chanjo imekwisha mara mtoto anapoanza kutembea. Sivyo hata kidogo. Mtoto huanza kukingwa na kifua kikuu na polio anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa na dondakoo, kifaduro na pepopunda, na katika mwezi wa 9 na wa 15 hukingwa na surua. Chanjo ya malaria, ambayo Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuitoa katika mpango wa majaribio ulioanza Aprili 2019, ina dozi nne, na ile ya nne huja mtoto akikaribia miaka miwili. Msichana wa miaka 9 naye ana chanjo yake, inayotolewa Malawi tangu Januari 2019, ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Mama mjamzito akichanjwa dhidi ya pepopunda, humkinga na mtoto aliye tumboni.

Na watu wazima je? Kipindupindu kilichozuka Malawi mwezi Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700, na wazee kwa vijana walikuwamo. Afrika Mashariki yenyewe ina ushahidi wa zamani zaidi. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977, hakuwa mtoto. Alikuwa kijana mpishi wa hospitali, ambaye kinga haikuwa imemfikia. Alipona, na baadaye akawa miongoni mwa wahamasishaji wa chanjo ya polio nchini mwake.

Wapo wanaosita kwa hofu, na hofu haiondolewi kwa kukaripiwa. Mwezi Mei 2021 Malawi iliteketeza hadharani, mjini Lilongwe, dozi 19,610 za chanjo ya korona zilizopitwa na muda. Wengine waliona ni hasara, nayo ilikuwa hasara. Lakini Serikali ilitaka wananchi waone kwa macho yao kwamba hakuna atakayedungwa dawa iliyoharibika. Imani ya watu hujengwa kwa ukweli wa namna hiyo.

Hapana budi, basi, kila nyumba iitafute kadi ya kliniki na kuisoma upya. Aliyeipoteza asione haya kwenda kituoni bila kadi. Aende aeleze, aandikiwe nyingine. Na mhudumu anayempokea asimuulize kwanza ametoka nchi gani. Amuulize amechanjwa nini, na bado nini.