Mtoto Aliyewekwa Katikati



Katika sura ya tisa ya Injili ya Marko, mitume wanabishana njiani ni nani kati yao aliye mkubwa. Yesu hawajibu kwa hotuba ndefu. Anamtwaa mtoto, anamsimamisha kati yao na kumkumbatia, kisha anawafundisha kwamba ampokeaye mtoto kama huyo kwa jina lake, ampokea yeye mwenyewe.

Fundisho hilo laingia moja kwa moja katika shule zetu za msingi za Kikatoliki, hapa Bukoba na kule Muleba. Kwa miaka mingi watoto wa Tanzania wamefundishwa Siasa, kisha Uraia, kisha Uraia na Maadili. Ni masomo mema. Lakini mtoto hujifunza uraia kwa macho kabla ya kuusoma kitabuni. Huona kama kiranja huchaguliwa kwa kura za wenzake au kwa cheo cha baba yake. Huona kama ile shikamoo ampayo Padre na Mwalimu Mkuu humfikia pia mpishi akorogaye uji na mlinzi wa langoni.

Sisi watu wa Kagera twaujua uchungu wa kuwagawa watu. Wazee wetu waikumbuka nyarubanja, utaratibu uliomfanya mkulima akae kibanjani kwa hisani ya bwana wake na kumtolea ushuru, mpaka sheria za miaka ya 1960 zilipouondoa. Sheria huondoa utaratibu; dharau hung'olewa na malezi. Tena, mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu, na miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Yatima hao walipofika darasani, wako waliowakimbia, na wako waliosogea dawatini wakawapa nafasi. Huo ulikuwa mtihani wa uraia kuliko ule wa karatasi.

Mtihani wa leo ni mwingine. Mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za madhehebu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba dini ya mtoto ilimpatia au kumnyima nafasi ya kusoma. Leo Kanisa linazo tena shule za msingi, na nyingi hutoza ada. Walutheri na Waislamu hutukabidhi watoto wao. Je, mtoto wa Kiislamu hukaa kwetu kama mgeni anayevumiliwa, au kama ndugu? Na yule aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, arudipo hupokewa kwa furaha au kwa kicheko? Tusiurudishe ubaguzi kwa mlango wa nyuma.

Twajivunia kwamba Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Rutabo, alifanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa daraja hiyo. Lakini Yesu hakumkumbatia yule mtoto kwa kuwa angekuja kuwa mkubwa. Alimkumbatia akiwa mdogo, asiye na cheo wala cha kulipa. Heshima ingojayo cheo si heshima ya Kikristo.

Basi, ndugu makatekista, mwingiapo darasani wiki hii, mtafuteni kwanza mtoto akaaye peke yake, mjue jina lake, mkamwite kwa jina hilo. Walimu, anayekosa aonywe bila kutukanwa, maana atukanwaye leo atatukana kesho akiwa na madaraka. Nanyi wazazi, chungeni mazungumzo ya jioni: dharau ya kabila na dini ya jirani huanzia nyumbani, shuleni hufika ikiwa imekomaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Tumwombe Bwana atujalie kumwona yeye katika kila mtoto aliyewekwa mikononi mwetu, hasa yule ambaye hakuna amtazamaye.

Tumsifu Yesu Kristo.