Reli Nyembamba na Wale Walioibeba

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa nieleze habari za reli nyembamba. Huenda mmoja wenu akauliza: upana wa reli ni kazi ya mainjinia, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Reli hufanywa nyembamba ili gharama ipungue. Lakini gharama ikipunguzwa kwenye chuma, mara nyingi huongezwa mgongoni mwa mtu.

Tuanze Mombasa. Mwaka 1890 Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandika reli ya upana wa futi 2 tu, ikitaka kufika bara. Baada ya maili chache kazi ikasimama. Vyuma vile vikang'olewa na kutandikwa katika barabara za mji. Juu yake vikapita vigari vyenye kiti na paa la kuzuia jua, vikiitwa toroli. Je, injini yake ilikuwa nini? Watu! Bwana alikaa kivulini, na wafanya kazi wakamsukuma juani.

Kisha serikali ya Uingereza ikajenga reli kubwa zaidi, nayo pia nyembamba: upana wa meta 1. Kipimo hicho kilikuwa tayari kikitumika India, basi mabehewa na vifaa vilipatikana huko. Watu pia walitoka huko. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua 31,983 waliletwa kwa mkataba. Waliokufa ni 2,493, yaani zaidi ya wanne kwa kila maili.

Watoto wetu husimuliwa simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Lakini hata tukikubali hesabu kubwa kabisa inayotajwa, watu 135, hao wengine waliuawa na nini? Maradhi na ajali. Simba wana hadithi yao. Maradhi ya kambini hayana msimulizi.

Wala msidhani walinyamaza. Mwaka 1900 wafanya kazi wa reli hii waligoma, mgomo ukianzia Mombasa. Reli ilikuwa haijafika Ziwani bado!

Tena reli nyembamba si reli dhaifu. Mwaka 1955 zikaanza kuja injini za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester, 34 kwa jumla. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke za reli ya meta 1 zilizozishinda nguvu. Lakini mlima ule haukwenda peke yake: ulikuwa na dereva, mchochea moto, mafundi wa karakana, na genge la kukaza mataruma mvua ikinyesha.

Mwaka 2017 reli pana ya milimita 1,435 ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Upana ulibadilika, swali halikubadilika: mezani pale reli inapopangwa, nani anamsemea mfanya kazi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi chama kidai kiti mezani kabla chuma cha kwanza hakijatandikwa, si baada ya kuhesabu maiti.

Umoja ni nguvu.