Kupangisha Chumba na Maisha ya Kiasi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo linalorudi kila mwaka mbele ya sanduku la misaada. Wanachama wazee, ambao watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa, waja kuomba mkopo wa kutengeneza paa au kununua dawa, ilhali nyumbani kwao mna vyumba viwili au vitatu visivyolaliwa na mtu. Hatusemi haya kwa kulaumu. Sanduku ni lao, nao walilitilia senti zao miaka mingi. Lakini sanduku lina kina chake, na nyuma yao wako wajane na mayatima wasio na hata chumba kimoja.

Kupangisha sehemu ya nyumba si desturi ya kuazima. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, ukumbi katikati na ua nyuma, ndiyo iliyojaza Majengo yetu ya hapa na Pumwani ya Nairobi. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu waliruhusiwa kujijengea nyumba katika viwanja vya manispaa, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwako wanawake wengi. Bibi wa namna hiyo alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Aghalabu mali yake ilikuwa kitanda, sanduku la nguo, mkeka na vyombo vya jikoni. Lakini alikula chake wala hakumwinamia mtu.

Na haja ya vyumba haijapungua. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, mojawapo ya madai yao lilikuwa posho ya nyumba. Mwenye chumba kitupu leo ana kitu ambacho mji huu haujapata kuwa nacho cha kutosha.

Ila twasema kitupu, nacho si kitupu. Jambo la kwanza linalomkabili mwenye kutaka kupangisha si mpangaji, bali ni vitu. Afunguapo mlango hukuta makochi yaliyovunjika miguu, redio zisizolia, saa iliyosimama, magodoro ya watoto ambao sasa wana watoto wao, na masufuria ya karamu yanayotoka mara moja kwa miaka mitatu. Hapo hana budi kukishika kila kimoja na kujiuliza: chanifaa, au nakilinda tu? Twaona swali hili lina faida kuliko hotuba nyingi juu ya israfu, kwa kuwa mara hii jibu lina thamani yake kwa shilingi kila mwezi. Kochi bovu likikaa katika chumba cha shilingi 6,000, basi kochi hilo ndilo mpangaji, wala halilipi.

Hayo ya vitu yakiisha, mengine hufuata yenyewe. Taa huzimwa, maji hupimwa, kwa sababu mita ni moja na watu ni wawili. Mwenye nyumba huanza kujua apika kiasi gani na atupa kiasi gani.

Wako watakaouliza juu ya stara, na swali lao ni la haki. Ushauri wetu ni kutoa chumba cha mbele, kilicho karibu na baraza, kikiwezekana kifunguliwe mlango wake wa nje. Na habari ya choo na bafu ipatanwe kabla ya mtu kuingiza kitanda chake.

Wala hatumsifu anayewatoa wajukuu walale ukumbini ili apate pango, au anayewasonga watu watano katika chumba kisicho na dirisha. Kifua kikuu hupenda vyumba hivyo. Kadhalika hatumsifu anayepokea pango la mwezi wa kwanza akakimbilia televisheni kubwa kwa malipo ya polepole. Huyo amehamisha vitu tu kutoka chumba hiki hadi kile.

Mapatano na yaandikwe, na risiti itolewe. Juu ya kodi ya serikali, tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote, kwa yule ambaye pango lake lapita shilingi 288,000 kwa mwaka. Mwenye chumba kimoja cha shilingi 6,000 hupata 72,000, hafikii kiwango hicho.

Halmashauri imekubali daftari liwekwe ofisini, upande mmoja wenye vyumba, upande wa pili wanachama vijana wanaotafuta. Atakaye kuandikisha chumba na amwone Mwandishi baada ya mkutano. Masufuria ya karamu yatapokelewa siku za Jumamosi asubuhi, yawe ya Chama, na kila mwanachama mwenye arusi au matanga atayaazima bila malipo.