Hofu ya Mwimbaji wa Mara ya Kwanza

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 20:1-30

 

Leo twapenda kusema na watu ambao mahubiri huwasahau mara nyingi. Ni wale vijana, na hata watu wazima, ambao siku chache zijazo watasimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu ili waimbe au wapige chombo. Mfikirie kijana wa Mboghoni, kule Taveta. Amezoea kuimba akimwagilia migomba, na wasikilizaji wake ni kuku na ndege. Sasa kwaya yake imealikwa Voi, naye amechaguliwa kuanzisha wimbo peke yake. Gari litapita Maktau, litapita Bura na Mwatate, na kila kituo kinachopita, moyo wake utazidi kwenda mbio. Huko mbele kuna wageni waheshimiwa, kuna kwaya kubwa zenye sare, na kuna kipaza sauti kinachomngoja.

Watu wa namna hii tumekutana nao wengi, na dalili zao twazijua. Kinywa hukauka. Mikono hutoka jasho, na magoti hucheza ndani ya nguo. Maneno ya wimbo aliyoyajua tangu utoto hupotea kama moshi. Wengine hawalali usiku wa kuamkia siku hiyo. Wengine, asubuhi ikifika, hutuma habari kwamba wanaumwa tumbo, na kweli linawauma, hawasemi uongo.

Jambo hili si dogo, ndugu zetu. Wako watu wenye sauti njema ambao hawaimbi tena kanisani kwa sababu siku ya kwanza iliwatisha wasipate wa kuwasaidia. Mmoja aliambiwa kwamba anatetemeka kwa kuwa imani yake ni haba. Mwingine alishauriwa na wenzake anywe kidogo ili apate ujasiri. Yule wa kwanza aliondoka na aibu, na huyu wa pili aliondoka na kongwa shingoni. Basi tuulize: Neno la Mungu lina msaada gani kwa mwimbaji anayetetemeka?

Katika somo letu la leo, mfalme Yehoshafati wa Yuda aliletewa habari kwamba jeshi kubwa la Wamoabi na Waamoni na wenzao limekwisha kufika Engedi. Akatangaza mfungo, na watu wote wakakusanyika Yerusalemu, hata wake zao na watoto wao. Baada ya maombi, Roho wa Bwana alimjia Yahazieli, Mlawi wa wana wa Asafu, yaani mtu wa ukoo wa waimbaji, naye akawaambia watu wasiogope. Kesho yake wakatoka kwenda jangwa la Tekoa. Tazameni sasa mfalme alivyopanga watu wake. Aliwaweka waimbaji mbele ya jeshi! Wenye mikuki walifuata nyuma. Wenye nyimbo wakatangulia. Hakuna mwimbaji wa kwaya zetu aliyewahi kupewa wasikilizaji wa kutisha kama wale. Katika habari hii twapata mafundisho manne.

Kwanza, hofu yenyewe si dhambi. Maandiko hayafichi kwamba Yehoshafati aliogopa. Yanasema hivyo waziwazi katika mstari wa 3, kisha yanaonyesha hofu ile ilimpeleka wapi: ilimpeleka kumtafuta Mungu. Musa naye alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba alipofika kwao alikuwa na hofu na kutetemeka kwingi. Hawa wote hawakuachwa na Mungu kwa sababu walitetemeka.

Hata wakuu wa muziki duniani hawakuepuka jambo hili. Pablo Casals, mzaliwa wa Hispania aliyefariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 96, alisifiwa kuwa miongoni mwa wapigaji bora wa selo waliopata kuishi. Lakini hofu ya kutokea mbele ya watu haikumwacha maisha yake yote. Mwaka 1901, alipokuwa akipanda mlima huko California, jiwe lilianguka likamponda vidole vya mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa la faraja: sasa hatalazimika kupiga selo tena! Mkono ulipona, akapiga kwa miaka mingine mingi. Basi, kijana wa Mboghoni, usidhani wewe peke yako umeumbwa vibaya.

Mungu ndiye aliyeuumba mwili hivyo. Hatari inapokaribia, moyo hupiga haraka ili damu ifike kwenye misuli, pumzi huwa fupi, na macho hufunguka. Hiyo ni nguvu. Mkulima wa Mboghoni anayajua maji ya mto Lumi. Yakija kwa fujo wakati wa mvua kubwa, hulaza migomba chini. Maji hayo hayo yakishikwa yakaingizwa katika mfereji, huinywesha migomba ikazaa. Mwenye shamba hamwombi Mungu akaushe mto. Huchukua jembe akachimba mfereji.

Mwaka 2014 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alitoa matokeo ya majaribio ambamo watu walitakiwa kuimba mbele ya mtu wasiyemjua. Waliojiambia kwanza kwamba wamechangamka waliimba vizuri zaidi kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi. Mapigo ya moyo ni yale yale. Jina waliloyapa ndilo lililoleta tofauti. Nasi Wakristo twaweza kusema zaidi: Bwana, moyo wangu unapiga kwa kuwa nimesimama mbele zako.

Pili, wale waimbaji waliimba wimbo walioujua. Sifa waliyoiimba jangwani, ya kwamba fadhili za Bwana ni za milele, ndiyo ile iliyoimbwa zamani za Sulemani siku hekalu lilipowekwa wakfu. Hawakutunga jipya asubuhi ya vita. Na ukoo wao haukuwa wa watu wa kubahatisha. Siku za Daudi, Kenania aliwekwa kuwafundisha wengine kuimba kwa sababu alikuwa stadi. Na waimbaji waliofunzwa walihesabiwa wakawa 288, kisha wakapiga kura za zamu zao, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi.

Hapa tuna mfereji wa kwanza wa kuchimba. Siku yako ya kwanza usichague wimbo mgumu ili watu wastaajabu. Chagua ule ambao ukiamshwa usiku wa manane utauimba bila kitabu. Jifunze mwanzo wake mara nyingi kuliko mahali pengine, kwa maana hofu huwa kali zaidi katika mstari wa kwanza, kisha hupungua. Tena usingoje siku kuu ndiyo ukaone macho ya watu. Uimbe kwanza mbele ya mama na ndugu zako. Kisha uimbe katika ibada ya nyumbani kwa jirani, na baadaye katika kipindi cha maombi cha katikati ya juma. Daudi alipambana na simba na dubu machungani kabla ya kumkabili Goliathi.

Wazee wetu wa Taita na Taveta wanamkumbuka Bwana Boniface Mganga, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Voi mwaka 2002. Kabla ya siasa alijulikana kwa kuiongoza Muungano National Choir, ambayo mwaka 1990 santuri yake ya Missa Luba ilisikika mbali sana nje ya Kenya. Lakini kwaya haifiki kwenye santuri kwa siku moja. Hufika kwa jioni nyingi za mazoezi ambazo hakuna anayezipigia makofi.

Tatu, saa yenyewe ina utaratibu wake. Waimbaji wa Yehoshafati walitoka asubuhi na mapema, wakajua mahali pao pa kusimama. Nasi tufanye vivyo hivyo. Fika mapema. Simama pale utakapoimbia, uzione kuta na viti kabla havijajaa. Kama kuna kipaza sauti, kijaribu, maana wengi wamewahi kuogopa sauti yao wenyewe ikirudi kubwa kutoka kwenye spika. Gitaa litiwe sauti kabla ya ibada, si wakati mchungaji amekwisha kuwataja. Kunywa maji kidogo, na usile hadi kushiba sana.

Ukikaribia kuitwa, vuta pumzi taratibu hadi tumbo lijae, kisha uitoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Fanya hivyo mara tano au sita. Pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo, na tena ndiyo pumzi utakayoimbia. Jihadhari na jambo moja ambalo walimu wa kwaya wanalijua vizuri: mtu mwenye hofu huanzisha wimbo juu mno na kwa mbio. Akifika kwenye kiitikio, sauti ya kwanza wanapiga kelele na besi wamepotea. Kwa hiyo pokea sauti ya kuanzia kutoka kwa kinanda au kwa mwalimu wako, ivumishe mdomo ukiwa umefunga, hesabu mapigo moyoni, ndipo uanze.

Je, ukikosea? Usisimame kuomba radhi. Endelea na tuni, hata kama neno limekuponyoka. Kwaya itakubeba hadi neno lirudi. Wengi walioketi hawatajua, na wanaojua waliwahi kukosea pia.

Nne, na hili ndilo kubwa, wale walimwimbia Bwana. Adui alikuwa mbele yao, na ndugu zao nyuma yao, lakini wimbo haukuelekezwa kwa adui ili atishike, wala kwa ndugu ili wasifu. Tukijichunguza, sehemu kubwa ya hofu yetu hutoka katika swali hili: watanionaje? Twaogopa kuaibika kwa sababu tumetamani kusifiwa. Mtu akija madhabahuni kutafuta sifa, hata makofi hayamponyi. Leo atajivuna, na kesho ataogopa zaidi, kwa kuwa sasa ana jina la kulinda.

Lakini aliyekuja kumtolea Mungu sadaka ya sauti yake, ametoa. Sadaka ya mjane ilikuwa senti mbili, na Bwana aliipokea. Sauti inayotetemeka kidogo hupokelewa pia. Hatusemi kwamba ukiomba magoti yatatulia papo hapo. Huenda yasitulie. Somo letu halituambii kwamba waimbaji wa Tekoa walikuwa na magoti imara. Latuambia tu kwamba walipoanza kuimba, Bwana alianza kutenda.

Neno la mwisho ni kwenu, walimu wa kwaya nanyi washiriki mlioketi. Mwalimu, usimsukume mtoto wa watu mbele siku ambayo hujamwandaa, kisha ukamkemea mbele ya wenzake. Simama mahali anapoweza kuuona uso wako, na uso huo uwe wa kutia moyo. Akina mama mlio viti vya mbele, kijana akisahau ubeti, mwimbieni ubeti huo kutoka hapo mlipo. Nanyi vijana wenzake, msicheke. Kicheko cha dakika moja kanisani kinaweza kumfunga mtu kinywa miaka yake yote, na siku ya hesabu tutaulizwa habari za wimbo ule ambao haukuimbwa.

Habari ya Yehoshafati iliishia katika Bonde la Beraka, maana yake Bonde la Baraka. Watu walirudi Yerusalemu kwa vinanda na vinubi na tarumbeta. Walioondoka wakiongozwa na nyimbo walirudi na nyimbo. Gari la kwaya litakapopanda tena barabara ya Taveta jioni, Kilimanjaro kikionekana kwa mbali, tunaomba kila mwimbaji aliyetetemeka asubuhi awe akiimba pamoja na wenzake. Na Jumapili nyingine asimame tena, hata kama magoti yatacheza.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe uliyetupa pumzi na sauti, wakumbuke leo wote watakaosimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ukiwaacha na hofu, ifanye hofu hiyo iwalete kwako. Wape walimu wao uvumilivu, na utupe sisi tunaosikiliza mioyo ya upendo. Utakase nyimbo zetu na tamaa ya kusifiwa, ili jina lako peke yake litukuzwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.