Kofia Tunazo, Katuni Je?

Msikilizaji, hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani umeshazisikia. Umeshasikia kwamba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku hiyo, umeshasikia kwamba lugha yetu inavuka mipaka, na waheshimiwa waliovalia kofia na fulana zenye maandishi umeshawaona. Hatutayarudia. Kofia zilikuwa nzuri.

Kinachotukera sisi kiko sebuleni kwako, saa kumi na mbili jioni, mtoto akishaogeshwa. Televisheni imewashwa, katuni zinafuatana, na saa nzima inapita bila neno moja la Kiswahili. Mtoto wa miaka minne anazitaja rangi zote kwa Kiingereza cha Kimarekani. Mwulize zambarau ni rangi gani. Atakwambia zambarau ni tunda, alilila jana. Mama anacheka, baba anajivuna, jirani anauliza chaneli ni namba ngapi.

Hatuna ugomvi na Kiingereza. Mtoto akikijua, heri yake. Ugomvi wetu ni kwamba kofia tunazo, katuni hatuna.

Haya, tusidhulumu. Zipo. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC mwaka 2014 ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akafuata Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Watafiti waliwaonyesha watoto wa Morogoro katuni hiyo kwa majuma machache, kisha wakawapima. Waliwapita wenzao walioangalia vipindi vingine katika kuhesabu, kuchora, kutambua maumbo, na hata katika hicho Kiingereza tunachokihangaikia. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Lakini mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na huyu ng'ombe ni mkubwa.

Kwa nini katuni? Kwa sababu Kiswahili mtoto hakisomi, anakiokota kwa masikio. Hakuna mama aliyemkalisha mwanawe akamweleza ngeli ya ki-vi. Mtoto anasikia kiatu changu kimepotea, viatu vyangu vimepotea, na siku moja, bila kuambiwa, anaacha kusema kiatu yangu. Anahitaji kusikia mara nyingi, na katuni haichoki. Wamarekani waliotengeneza Blue's Clues mwaka 1996 walikirusha kipindi kimoja siku tano mfululizo. Watoto hawakununa. Kadiri walivyokizoea ndivyo walivyozidi kuyajibu maswali yake.

Halafu kuna utamu ambao sisi tunao na Waingereza hawana. Kiatu kikiwa kiatu tu, kimepotea. Kichoree macho na mdomo, kiseme: sasa ni Bwana Kiatu, naye amepotea. Sungura na Fisi wa bibi zetu walitufundisha hivyo hivyo. Mtoto akiyaona mabadiliko hayo kwenye kioo amekwisha kupata somo la sarufi, bila ubao wala fimbo.

Somo hilo halipatikani kwa kutafsiri ovyo. Mitaani zipo katuni zilizoingizwa sauti, ambapo mwanamume mmoja mwenye besi anamsemea binti mfalme, mchawi na punda. Zimetuchekesha sana kwenye vibanda umiza. Hazikutungwa kumfundisha mtoto kusema.

Mnakumbuka kelele za mwaka 2018? Tuligundua kwamba Disney wamesajili Hakuna Matata huko Marekani kama alama yao ya biashara, usajili uliokuwapo tangu 2003, tukawaka. Tulikuwa na haki ya kuwaka. Lakini filamu yenyewe, The Lion King ya mwaka 1994, imejaa majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ilipotiwa sauti kwa lugha ya Kiafrika, ilitiwa Kizulu. Wazulu walimsikia Simba akizungumza lugha yao. Sisi tuliolitoa jina lenyewe tulimsikia kwa Kiingereza. Nani aliwaka? Maneno mawili yalituuma, filamu nzima haikutuuma. Na tusiwalaumu Disney peke yao, hatukuomba. Tulikuwa tunashona kofia.

Nasi wa redio tusijitoe. Wapo watoto wengi wanaoanza shule wakijua Kisukuma au Kimaasai tu. Kwao Kiswahili ndiyo lugha ngeni, na nyumbani hakuna televisheni. Hao walikuwa wetu. Kipindi chao cha Jumamosi asubuhi kilikuwepo hapa hapa kituoni, kikaliwa na uchambuzi wa soka. Tunaona haya kulisema, lakini tumelisema.

Mzazi naye asijifiche nyuma ya rimoti. Mwaka 2003 huko Seattle, Patricia Kuhl na wenzake waliwasikilizisha Kichina watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Waliochezeshwa na kusomewa na mtu aliyekaa mbele yao walijifunza kuzitambua sauti za Kichina. Waliowekewa mafunzo hayo hayo kwenye video hawakuambulia kitu. Kwa mtoto mchanga, kioo bila mtu ni taa inayong'aa tu.

Basi kaa naye! Dakika ishirini, usishike simu. Bwana Kiatu akiuliza, jibuni wote wawili. Katuni ikiwa ya Kiingereza, izime sauti umsimulie mwenyewe kwa Kiswahili. Bibi yako hakuwa na studio na ulimwelewa.

Wenye vituo vya televisheni, tupeni saa moja. Si saa tano usiku mtoto amelala, saa moja ya jioni, kila siku, ya katuni za Kiswahili. Mnaosimamia bajeti ya maadhimisho, chukueni fedha za kofia za mwakani, za fulana, za mahema na viti vya kukodi, muwape waandishi na wachoraji vijana waliojaa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wakisubiri kazi. Msituite kupiga makofi. Msitugawie kofia. Kofia tunazo, zimejaa kabatini. Tarehe 7 Julai mwakani tuonyesheni katuni.